Miguu inakufa ganzi ukiwa kwenye mashine ya mazoezi? Anza na kamba za viatu

Dakika ya 12. Sio ya 5 wala ya 20, ni ya 12 hivi kila siku, mguu wa kulia unaanza. Kwanza joto chini ya unyayo, pale kwenye nyama iliyo nyuma ya vidole, halafu kidole cha tatu na cha nne vinatekenya, halafu zinakuja sindano, na ikifika dakika ya 18 nusu ya mbele ya mguu haipo kabisa, nakanyaga pedali lakini ni kama nimeazima mguu wa mtu. Nikishuka, dakika mbili tatu imeisha. Nikipanda tena imerudi. Hii ilikuwa kwenye eliptikali, ile mashine unasimama juu ya pedali mbili kubwa unakuwa kama unatembea hewani huku mikono inavuta na kusukuma, na niliendelea nayo hivohivo kama miezi miwili nikiwa nimeshajiaminisha kwamba kisukari kimeniingia. Nikaenda kupima sukari, iko sawa. Kumbe shida ilikuwa kamba za viatu pamoja na vidole vyangu mwenyewe, ntaeleza.

Nimeona watu wakipata hii kitu wanagawanyika makundi mawili, kuna wanaoogopa wanaacha mazoezi kabisa na kuna wanaosema "aah ni damu tu haifiki" wanaendelea kukanyaga mwaka mzima. Wote wanaruka hatua ya kwanza, ambayo ni kujua mambo mawili tu: ganzi inaanzia SEHEMU gani hasa na inaanza DAKIKA ya ngapi. Usianze kuuliza mashine ipi mbaya au kiatu gani kizuri, hayo baadae. Ukishajua wapi na saa ngapi, mengine yanajitokeza yenyewe.

Kwanza tuelewane hii ganzi ni nini

Neva, au mshipa wa fahamu kama wengine wanavoita, ni kama waya unaopeleka taarifa. Ila ni waya unaoishi, na wenyewe unahitaji damu, una vijishipa vidogo sana vinavyoulisha. Ukiubana, vile vijishipa vinabanwa, taarifa zinaanza kukatikakatika, hapo ndo unahisi ganzi. Ukiuachia unaamka kwa fujo, unatuma taarifa ovyoovyo, ndo zile sindano. Kwahiyo "damu haifiki" ni nusu ya ukweli, damu ya mguu mara nyingi inafika vizuri tu, ila neva fulani imekandamizwa mahali fulani.

Sasa neva za mguu zinaanzia kiunoni kwenye uti wa mgongo, zinapita kwenye makalio, nyuma ya paja, zinazunguka goti, zinashuka kwenye muundi na kigimbi, zinapenya kwenye kifundo, mwisho vidoleni. Safari ndefu, na njia nzima kuna vichochoro vya kubanwa. Tatizo ubongo haukwambii imebanwa wapi, unakwambia tu ile sehemu ambayo neva inaishia. Ndo maana mtu anakandakanda kidole wakati shida iko kiunoni, na mwingine anaenda kupiga picha ya mgongo wakati shida ni kiatu.

Na kwanini mashine hasa, mbona ukitembea barabarani haikutokei? Ukitembea kila hatua unyayo unanyanyuka, unapumua, unarudi chini kidogo tofauti na mwanzo, kuna jiwe, kuna kona, kuna mteremko. Kwenye eliptikali mguu haunyanyuki KABISA, dakika 30 nzima umekandamizwa palepale, pembe ileile. Baiskeli ya jimu hivohivo. Ongeza na hili: mguu ukipata joto na damu ikiongezeka unavimba kidogo. Kiatu kilichokaa vizuri dakika ya kwanza, dakika ya 15 kimeshakuwa kidogo. Hapo ndo unaelewa kwanini ganzi haiji mwanzoni.

Siku moja ya upelelezi

Chagua siku moja ambayo huna haraka. Panda mashine yako ya kawaida, spidi ya kawaida, usibadilishe chochote. Ikianza tu angalia saa, halafu jiulize: ni mguu mmoja au yote? Ni chini ya unyayo, juu ya mguu, pembeni, au inashuka kutoka juu? Vidole vipi? Kuna maumivu au ni ganzi tupu? Ukimaliza hesabu inachukua dakika ngapi kuisha. Mimi nilichora unyayo kwenye karatasi nikapaka wino pale panapokufa, ilionekana ujinga lakini ile karatasi ndo iliyonifumbua macho, sababu eneo lilikuwa dogo mno, katikati ya kidole cha tatu na cha nne basi. Kisukari kwa kawaida hakichagui vidole viwili vya mguu mmoja.

Halafu siku hiyohiyo fanya jaribio la kamba. Ganzi ikishaanza, simamisha mashine, usishuke, inama ulegeze kamba za viatu vyote viwili, zilegeze kabisa kuanzia chini sio kufungua fundo tu, halafu endelea taratibu dakika tano. Ikipungua au kuisha huku unaendelea na mazoezi, basi mshukiwa wa kwanza ni kiatu, usiende mbali. Ila uwe makini viatu visivuke na kamba zisiingie kwenye mashine, ziingize ndani ya kiatu. Na kwenye tredmili, ile mashine ya mkanda wa kukimbilia, usifanye hili jaribio ukakimbia na viatu vimelegea, tembea tu.

Kiatu

Hapa nakaa sana kwa sababu hapa ndo pamejaa makosa.

Watu wengi tunafunga kamba tukiwa tumekaa, mguu umepoa, tunavuta kwa nguvu ili kiatu kisicheze. Zile kamba za chini karibu na vidole ndo hazitakiwi kubana. Zinazoshika mguu ni za juu karibu na kifundo, hizo ndo zinazuia kisigino kisitoke. Kwahiyo legeza za chini mpaka vidole viweze kucheza kama unapiga kinanda, kaza kiasi zile mbili za juu. Kama ganzi yako ni JUU ya mguu, yani pale kamba zinapopita na inaenda mpaka katikati ya kidole gumba na cha pili, kuna neva inapita palepale chini ya ngozi haina nyama ya kuikinga, ulimi wa kiatu na kamba vinaikalia. Ruka matundu ya eneo hilo: kamba badala ya kuvuka juu inapanda tu pembeni tundu hadi tundu kila upande, halafu inavuka tena mbele. Unaacha dirisha. Haina gharama yoyote na inachukua dakika mbili.

Kuhusu upana: toa sponji ya ndani ya kiatu, ile soli nyembamba inayotoka, iweke sakafuni, simama juu yake peku na uzito wote. Angalia chini. Kama nyama ya mguu inamwagika nje ya sponji upande wa kidole kidogo au wa kidole gumba, kiatu chako ni chembamba na hakuna namna ya kufunga kamba itakayokiokoa. Mi nilipofanya hivi kidole kidogo chote kilikuwa nje. Chote! Na hivyo viatu nilikuwa nikivisifia.

Ukienda kununua vingine nenda jioni au baada ya mazoezi, mguu ukiwa umeshavimba kwa siku, nenda na soksi utakazovaa, na acha kama upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho sio lazima kiwe kidole gumba cha mguu. Soksi nene ndani ya kiatu kinachobana ni kosa lilelile umeliongezea joto. Na soksi zenye raba kali inayoacha alama ya mtaro juu ya kifundo, achana nazo.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia hapa. Kama ganzi ni katikati ya kidole cha tatu na cha nne, na unahisi kama kuna kokoto ndani ya soksi au soksi imejikunja, unavua unaangalia hakuna kitu, hiyo inaweza kuwa neva ya pale imenenepa kwa kusuguliwa na kubanwa muda mrefu na mifupa ya pembeni. Madaktari wanaiita nyuroma ya Morton. Sio saratani, jina tu linatisha. Kiatu kipana chenye kisigino kifupi na kipedi kidogo chini ya unyayo, nyuma kidogo ya pale panapouma, huwa vinasaidia wengi, ila isipopungua mwone daktari wa miguu kwa sababu ukiiacha inazidi kuwa sugu.

Eliptikali

Sawa, kiatu umerekebisha. Sasa angalia unavosimama. Siku niliyoshusha macho na kuangalia kweli nilichokuwa nafanya nilicheka. Vidole vilikuwa vimekunjwa vimeshika soli ya kiatu kama kuku kwenye tawi, visigino viko hewani, na mwili wote umelala mbele kwenye handeli. Yani uzito wangu wote, dakika 30, uko kwenye sehemu ya upana wa viganja viwili. Neva gani itavumilia.

Sogeza miguu iliyokaa mbele sana kwenye pedali, rudisha nyuma kidogo. Shusha kisigino, sukuma kwa unyayo wote, na vidole viachie, ukihisi vinashika tena viachie tena, itachukua siku kadhaa kuzoea kwa sababu ni tabia hujui unayo. Simama wima, handeli zishike kidogo tu. Magoti na vidole vielekee mbele, sio nje kama bata. Kila dakika 4 au 5 nyanyua kisigino kimoja, chezesha vidole, kishushe, kisha kingine, mashine ikiwa inaendelea taratibu. Au zungusha kinyumenyume dakika moja, eliptikali nyingi zinaruhusu, na ukirudi nyuma mgandamizo unahama kwenda kisigino. Kama mashine ina mwinuko na uliuweka juu, ushushe kwanza, mwinuko unakusukumia mbele kwenye vidole.

Na leveli, yani ugumu wa kukanyaga. Ukiweka leveli kubwa mwendo unakuwa wa polepole na kila mkanyago ni mzito na mrefu. Punguza leveli mbili, ongeza mwendo, jasho litakuwa lilelile.

Baiskeli ya jimu

Hapa kuna ganzi za aina mbili tofauti msizichanganye.

Ya mguuni ni kama eliptikali: mkanda wa pedali umekazwa kupita kiasi, au soli ya kiatu ni laini mno, zile raba laini za kukimbilia, basi pedali inapenya unaihisi kama fimbo chini ya unyayo. Kwenye baiskeli soli ngumu kidogo ni nzuri kuliko laini. Nyama ya nyuma ya vidole iwe juu ya ekseli ya pedali (kile chuma pedali inachozungukia) au mbele yake kidogo, ukiweka vidole tupu ndo unaumia. Kwa wale wa viatu vinavyonasa kwenye pedali, ile klipu ya chini irudishe nyuma milimita chache kuelekea kisigino, tofauti utaiona wiki hiyohiyo. Na usikanyage gia nzito mizunguko 50 kwa dakika kama unapanda mlima, punguza uzito uende kwenye 80 hadi 90.

Kimo cha siti: kaa, weka KISIGINO kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litakuwa limekunjwa kidogo, hiyo ndo sahihi. Siti ikiwa juu sana nyonga zinayumba kulia kushoto kutafuta pedali, unajisugua kila mzunguko.

Aina ya pili ni ganzi ya kinena na sehemu za siri, watu wanaona aibu kuisema lakini ipo kwa wanaume na wanawake. Siti inabana neva inayopita chini kule badala ya mwili kukaa kwenye ile mifupa miwili ya makalio. Pua ya siti isiangalie juu, iwe sawa na sakafu. Handeli ziinue usilale mbele sana. Kila dakika 10 simama kwenye pedali sekunde 30. Usidanganyike na siti laini kama godoro, unazama na ile laini inapanda katikati kukubana kulekule, siti yenye mfereji katikati au pana kiasi cha kubeba mifupa yako ndo afadhali. Na hii sio ya kuvumilia kiume, ikitokea shuka, ikiendelea mpaka kesho yake nenda hospitali.

Tredmili

Tredmili kwa kweli inaleta ganzi ya unyayo mara chache kuliko hizo mbili kwa sababu mguu unanyanyuka. Ikitokea, mara nyingi ni kamba, kiatu kidogo, au mtu kashika vyuma vya pembeni huku ameweka mwinuko mkubwa. Achia vyuma, shusha mwinuko.

Lakini kuna moja ya tredmili inabidi uijue vizuri. Jamaa mmoja tunayefanya naye mazoezi alikuwa akikimbia, kila akifika kama dakika ya 10 muundi kwa mbele unakaza kama jiwe, unauma, halafu juu ya mguu panakufa ganzi, na mguu unaanza kupiga mkanda "pa pa pa" kwa sababu hauinuki vizuri mbele. Akipumzika kama nusu saa, kwisha. Kesho palepale tena. Alinyoosha misuli, alikanda, alibadilisha viatu mara tatu, wapi. Sababu ni kwamba misuli ya muundi imefungwa ndani ya kifuko kigumu kisichotanuka. Ukikimbia msuli unajaa damu unavimba, kifuko hakivimbi, presha inapanda ndani na neva iliyomo humo inabanwa. Dalili yake kubwa ndo hiyo, inaanza karibu umbali uleule kila mara na inaisha ukipumzika. Hapo kiatu hakikusaidii, tafuta daktari wa mifupa au wa michezo, wana namna ya kupima presha ya ndani ya msuli kabla na baada ya kukimbia. Usijilazimishe kupitiliza maumivu ya aina hii. Na kama siku moja yakaja makali hayaachii hata ukipumzika, mguu umekaza na unauma hata ukichezesha kidole cha mguu tu, hiyo ni dharura, sio ya kusubiri asubuhi.

Mashine ya makasia na ya ngazi, haraka

Ya makasia: siti ngumu, unakaa na kuteleza nusu saa, neva kubwa inayopita kwenye makalio inakandamizwa na mguu mzima unakufa kuanzia nyuma ya paja. Kunja taulo uweke juu ya siti, usilale nyuma sana mwisho wa kuvuta, simama kila dakika 10. Mkanda wa miguu upite kwenye sehemu pana ya mguu na usikazwe kama unafunga mzigo. Ya ngazi: watu wanasimama kwa vidole, visigino vinaning'inia nje. Weka mguu wote kwenye ngazi. Basi.

Ikishuka kutoka juu

Kama ganzi haianzii mguuni bali inashuka, makalio, nyuma ya paja, kigimbi, mpaka mguuni, na hasa upande mmoja, hapo fikiria mgongo. Njia rahisi ya kupata mwanga ni kulinganisha mashine mbili. Kuna mtu akiwa kwenye tredmili wima miguu inakufa na kuwa mizito, akipanda baiskeli akainama mbele anaendesha nusu saa hana shida. Hii huwapata zaidi watu wazima, mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba na kuinama kunaufungua. Na kuna mwingine kinyume chake, akikaa na kuinama kwenye baiskeli au makasia ndo anachomwa mpaka mguuni, akisimama anapata nafuu, huyo mara nyingi ni diski, kile kipande laini kati ya pingili za mgongo, imetokeza ikagusa neva. Sasa ona, mashine inayomfaa wa kwanza ndo inayomuumiza wa pili, ndo maana ushauri wa "badilisha tu, panda baiskeli" unaopeana watu sio wa kila mtu.

Na kuna inayofanana na ya kwanza lakini sio neva kabisa, ni mishipa ya damu. Kigimbi kinabana na kuuma ukitembea umbali fulani, unasimama TU, hukai wala huinami, dakika chache kinaachia. Mwenye mfereji mwembamba akisimama wima haimsaidii sana, anatafuta pa kukaa au pa kuegemea. Mwenye mishipa ya damu kusimama kunatosha. Kama unavuta sigara, una kisukari, presha au lehemu (kolesteroli) nyingi na unaona hii, usiendelee kucheza na leveli za mashine, kapime mishipa.

Vitu vidogo vinavyosahaulika

Mkanda wa suruali au taitsi inayobana kwenye nyonga inaweza kufisha ganzi paja la nje, eneo kama la kiganja, mguu wa chini uko sawa kabisa. Kifunga goti kilichokazwa kinabana neva inayopita juujuu kwenye kifupa cha nje chini ya goti, unapata ganzi juu ya mguu na mguu unakosa nguvu ya kuinuka, na kukaa umekunja nne ofisini siku nzima kunabana hapohapo, sasa unaenda jimu jioni neva ishachoka. Ganzi ya unyayo inayoambatana na maumivu ndani ya kifundo, chini ya kile kifupa cha upande wa ndani, inaweza kuwa neva ya pale imebanwa, na kwa mwenye unyayo bapa ni kawaida zaidi. Na ukiona vidole vya MIKONO na midomo vinatekenya pamoja na miguu wakati unahema kwa kasi, mara nyingi ni kuhema kupita kiasi, punguza mwendo, toa pumzi taratibu.

Lini uache kujitibu

Ganzi ya mazoezi ya kawaida inaisha dakika chache baada ya kushuka. Kama yako inabaki masaa, au ipo hata usiku umelala, au miguu yote miwili inahisi kama imevaa soksi wakati haijavaa, hiyo huenda haina uhusiano na mashine, mashine imekuonyesha tu. Kapime sukari, vitamini B12, na tezi ya shingo. Kama unatumia metformin, dawa ya kisukari, muda mrefu mkumbushe daktari kuhusu B12 maana ile dawa inaweza kuishusha. Pombe nyingi nayo inaharibu neva, hilo mtu analijua mwenyewe.

Haraka zaidi: mguu umekosa nguvu, unakwaruza chini. Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma. Mguu umekuwa wa baridi na rangi imepotea. Nenda siku hiyohiyo, na huo wa baridi usisubiri hata kidogo.

Na za dharura kabisa, usimalize hata seti: ganzi sehemu za siri na kuzunguka haja kubwa ikiambatana na maumivu ya mgongo, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, uso kupinda, maneno kutotoka. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Ukienda kwa daktari kwa yoyote kati ya haya nenda na ile karatasi. "Miguu inakufa ganzi" haimwambii kitu. "Mguu wa kulia, chini ya kidole cha tatu na cha nne, dakika ya 12 kwenye eliptikali, inaisha dakika tatu nikivua kiatu" inamwambia karibu kila kitu, na hata viatu vyenyewe nenda navyo aone vilivolika.

Kwa hizi za kawaida za kiatu na msimamo badilisha kitu KIMOJA kwa mara, ukae nacho mazoezi matatu manne, andika dakika. Ukibadilisha kiatu na kamba na leveli na mashine siku moja utapona hujui umeponywa na nini, ikirudi unaanza upya. Mimi kulegeza kamba peke yake kulinisogeza kutoka dakika ya 12 mpaka ya 20 hivi. Kushusha visigino na kuachia vidole kukanifikisha 30. Viatu vipana ndo vikamaliza. Vile vya zamani nimempa mdogo wangu ana miguu myembamba, amesimama peku juu ya sponji nikamkagua kwanza, vinamkaa vizuri kabisa.